Kwa nini hatukuhifadhi damu ya kitovu

Kwenye kundi letu la kina mama Watanzania tunaoishi Uingereza, swali hili halikauki. Mtu akifikisha miezi sita au saba ya ujauzito anatuma picha ya kipeperushi alichopewa kwenye maonyesho ya vifaa vya watoto, halafu anauliza: jamani, nani amehifadhi damu ya kitovu? Ina faida yoyote? Nimeshajibu kwa sauti, nimejibu kwa maandishi, nimejibu hata nikiwa zamu ya usiku kazini, katikati ya kuwageuza wazee vitandani. Leo naandika yote mahali pamoja.

Sisi hatukuhifadhi. Tulifikiria sana, tukabishana, tukapiga simu nyumbani Tanga, tukasoma mkataba hadi ukurasa wa mwisho, ndipo tukakataa. Lakini yupo mama ambaye ningemwambia ahifadhi, tena leo leo, na nitamfikia.

Kwa asiyejua jambo lenyewe: mtoto akishazaliwa, ndani ya kitovu na kondo la nyuma hubaki damu. Damu hiyo ina seli shina, zile zinazotengeneza chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani. Ni seli za aina ile ile inayopatikana kwenye uloto, ndani ya mifupa. Mtu aliyefunzwa huchoma sindano kwenye mshipa wa kitovu, damu ikashuka kwenye mfuko wenye dawa ya kuizuia isigande, kisha ikakimbizwa maabara, ikachakatwa na kuhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzijoto 196 chini ya sifuri. Mama haumii, mtoto haumii.

Na tiba yenyewe ni ya kweli, nataka niseme hilo mapema, maana kuna mama mmoja kundini anayedai kwamba yote ni uongo wa wafanyabiashara. Mwaka 1988, katika Hospitali ya Saint-Louis jijini Paris, Dkt. Éliane Gluckman alimpandikiza mvulana wa miaka mitano kutoka Marekani aliyekuwa na anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaoua uloto polepole. Dawa yake ilitoka kwenye kitovu cha mdogo wake wa kike. Damu hiyo ilihifadhiwa Indiana, kwenye maabara ya Hal Broxmeyer, ikavushwa bahari hadi Ufaransa. Mvulana alipona, akakua, akawa mtu mzima. Mwaka 1993, chuo kikuu cha Duke, Marekani, Dkt. Joanne Kurtzberg alifanya upandikizaji wa kwanza kwa damu ya kitovu cha mtoto asiye ndugu wa mgonjwa. Tangu hapo maelfu ya watu duniani wametibiwa hivyo.

Angalieni tu kitu kimoja katika habari hizo mbili. Yule mvulana hakupona kwa damu ya kitovu chake mwenyewe. Alipona kwa ya mdogo wake. Na mgonjwa wa Duke alipewa ya mtu asiyemjua kabisa. Kipeperushi changu, chenye picha ya kichanga amelala kwenye kiganja cha baba yake, kilizungumza kama kwamba damu ya mtoto ni akiba ya mtoto huyo huyo.

Hapo ndipo mimi na mume wangu tulipoanza kuvutana. Yeye anaendesha gari la kusambaza mizigo, mtu wa hesabu na tahadhari. Kampuni ya kipeperushi hicho ilitaka takriban pauni 2,300 ili ituhifadhie damu hiyo kwa miaka 25, au kianzio kidogo halafu makato ya kila mwezi. Kwetu hizo ni fedha nyingi, lakini yeye ndiye aliyetaka tulipe. "Kinga ni bora kuliko tiba," aliniambia. "Tukinyimana pauni elfu mbili leo, kesho mtoto akapata saratani ya damu, mimi na wewe tutatazamana vipi?" Sikuwa na jibu siku hiyo. Mzazi akiulizwa swali la namna hiyo, mkono unakwenda wenyewe kwenye pochi.

Nikaanza kusoma, na nikawauliza watu wanaofanya kazi hiyo. Kwanza, magonjwa ya kurithi. Mtoto akizaliwa na selimundu, au thalasemia, au anemia ya Fanconi, kasoro imo kwenye vinasaba vya kila seli yake, pamoja na zile za kitovu. Ukimrudishia damu yake mwenyewe unamrudishia ugonjwa wake mwenyewe. Ni sawa na kuweka akiba mbegu za mhindi uliougua ili upande tena shamba lile lile. Pili, saratani ya damu ya utotoni: mara nyingine seli zilizoanza kuharibika huwa zipo tangu mtoto yu tumboni, kwa hiyo madaktari wanaotafuta uloto kwa ajili ya mtoto kama huyo humtazama mtu mwingine, si mfuko wake wa zamani. Tatu, wingi. Mfuko mmoja wa kitovu mara nyingi huwa na seli za kumtosha mtoto mdogo. Mtu mzima wa kilo 70 mara nyingi haumtoshi peke yake.

Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa tamko lake mwaka 2017. Kilisema makadirio ya mtu kuja kutumia damu yake mwenyewe iliyohifadhiwa yanaanzia 1 kati ya 400 na kwenda hadi 1 kati ya 200,000. Mume wangu alisoma pale akanyamaza, akasoma tena. Makadirio yanayoachana kwa umbali huo yanaonyesha kwamba hata wataalamu hawana nambari ya kushikilia, na kampuni haikuwa imeandika hata moja kati ya hizo mbili. Tamko lile lile linapendekeza damu ipelekwe kwenye benki za umma, ambako hutolewa bure kwa ajili ya mgonjwa yeyote, badala ya za kulipia, isipokuwa pale ambapo tayari ndani ya familia kuna mtoto mwenye ugonjwa unaotibika kwa njia hiyo. Damu iliyoko kwenye benki za umma hutumika takriban mara 30 zaidi ya ile iliyoko kwenye benki binafsi.

Kipeperushi kilitaja pia usonji na ulemavu wa ubongo, kwa maneno ya "utafiti unaendelea". Ni kweli utafiti unaendelea. Lakini ule wa Duke uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha watoto 180 wenye usonji, haukufikia lengo lake kuu: waliopewa damu ya kitovu kwa ujumla hawakupiga hatua katika mawasiliano zaidi ya wale waliopewa dawa bandia ya kulinganishia. Kuna rafiki yangu mwenye mtoto mwenye usonji. Aliniuliza kuhusu hili huku sauti ikimtetemeka, akijilaumu kwa nini hakuhifadhi alipojifungua. Dada yangu, hukumnyima mwanao kitu.

Sasa nije kwenye jambo lililonikosesha usingizi kweli.

Dada yangu mkubwa yuko Tanga. Mwanawe wa kwanza ana selimundu. Kwetu mtoto wa dada ni mwanao, ananiita mama mdogo, na mimi nilikuwepo alipovimba vidole vya mikono na miguu akiwa bado hajatimiza mwaka, kabla hatujajua ni nini. Sasa ana miaka tisa. Anameza haidroksiyurea kila siku na foliki asidi, anakunywa maji kama alivyofundishwa kliniki, lakini baridi ikimpata au homa ikimshika, maumivu ya mifupa yanamlaza. Ameongezewa damu. Mara moja tulidhani tunampoteza.

Dada alipiga simu asubuhi moja nikitoka zamu. Mama alikuwa amemwambia kuhusu kipeperushi. Akanisalimia, akaulizia tumbo, akaulizia shemeji, halafu akasema: "Mdogo wangu, hiyo damu ya mtoto mnayoambiwa muiweke. Haiwezi kumsaidia kaka yake?"

Alisema kaka yake. Kwetu hawa ni ndugu, hakuna binamu. Nilimwambia nitauliza.

Hapa Uingereza mama mjamzito hupimwa selimundu na thalasemia mapema, kabla ya wiki ya kumi ikiwezekana. Mimi nina AS, yaani nimebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua, nilijua tangu ujauzito wa kwanza, na mume wangu alipimwa akaonekana AA, hana kabisa. Kwa hiyo watoto wetu wanaweza kuwa AA au AS, hawawezi kuwa SS, yaani wenye ugonjwa. Binti yetu mkubwa ni AS kama mimi. Kupitia kipimo hicho nilikuwa na namba ya muuguzi wa kitengo cha selimundu, mama mmoja mtulivu mwenye asili ya Ghana, nikampigia. Nilimweleza habari za mpwa wangu. Hakuniharakisha.

Alinieleza hivi. Ili upandikizaji ushike, alama za tishu za mtoaji na mpokeaji, zile zinazoitwa HLA, zinapaswa kulingana kadiri iwezekanavyo. Kila mtu hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja wana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kabisa. Watoto wa dada na mdogo wake wana bibi na babu wale wale upande mmoja tu; upande wa pili kila mmoja ana watu wake. Kulingana kwao kikamilifu hutokea kwa nadra mno, kiasi kwamba hakuna daktari atakayekushauri kulipia hifadhi ya miaka 25 kwa tegemeo hilo.

Nililia kwenye simu. Nilikuwa nimekwisha kuijenga picha kichwani: mwanangu anazaliwa, mfuko unapanda ndege, mtoto wa dada anapona.

Yule muuguzi akasubiri nimalize, kisha akauliza: "Dada yako ana watoto wengine?" Anao wawili, baba yao ni huyo huyo. Mmoja AA, mwingine AS. "Basi," akasema, "mbona mnatafuta mbali?"

Hili ndilo nililotamani lingeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila kipeperushi. Ndugu aliye hai anabeba uloto wake mwilini. Kama analingana na mgonjwa, anaweza kuutoa akiwa na umri na uzito unaofaa, na mwili wake utautengeneza tena. Damu ya kitovu ni njia moja ya kupata seli zile zile, nzuri kwa sababu haihitaji kumchoma mtoto, lakini si njia pekee. Hata ndugu mwenye AS anakubalika kutoa. Watoto wawili wa dada, kila mmoja akiwa na nafasi 1 kati ya 4, wanafanya uwezekano wa angalau mmoja wao kulingana na kaka yao kufika karibu asilimia 44. Nililinganisha hiyo na ndoto yangu ya mfuko kwenye ndege.

Na wapandikizaji wapo nyumbani. Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inawapandikiza watoto wenye selimundu kwa uloto wa ndugu zao. Tanzania huzaliwa watoto takriban 11,000 wenye selimundu kila mwaka, ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi duniani, na kwa miaka mingi tulizoea kwamba tiba hii ni ya India au Ulaya. Watu wengi wa huku ughaibuni bado hawajui kwamba inafanyika Dodoma.

Siwadanganyi kwamba ni jambo jepesi. Kabla ya kupandikizwa mtoto hupewa dawa kali za kufuta uloto wake wa zamani, na dawa hizo zinaweza kumharibia uwezo wa kuzaa. Kuna hatari ya maambukizi, kuna hatari ya seli mpya kuushambulia mwili. Lakini pale mtoaji anapokuwa ndugu anayelingana, matokeo yanatia moyo sana. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2013 ulifuatilia wagonjwa 485 wa thalasemia na selimundu waliopandikizwa kutoka kwa ndugu wa namna hiyo. Baada ya miaka sita, waliopewa uloto walikuwa hai asilimia 95, na waliopewa damu ya kitovu asilimia 97. Kwa maneno mengine, hivi viwili vinakwenda bega kwa bega.

Nilipompigia dada nilianza na habari mbaya, kwa sababu ananijua, ningezunguka angeshtuka zaidi. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Hao wawili wanapimwaje?" Huyo ndiye dada yangu. Tumechangia nauli ya Dodoma na gharama za kuanzia, fungu lile lile ambalo mume wangu alikuwa ameliweka kando kwa ajili ya kampuni. Yeye ndiye aliyependekeza, sikumwomba. Sampuli za wadogo zimeshachukuliwa na majibu bado hayajatoka.

Turudi kwa mtoto aliyekuwa tumboni mwangu, maana yeye naye ana haki zake.

Mama yangu hakupenda habari za kuhifadhi tangu mwanzo. Kwao kondo la nyuma huzikwa, la kwangu liko nyuma ya nyumba ya bibi, karibu na mnazi. Alipoelezwa kwamba damu itawekwa kwenye mtungi wa baridi kali kwenye jengo la kampuni, hakuhamaki. Aliuliza swali moja: "Na mkishindwa kulipa, wataifanya nini?" Nilikwenda kwenye mkataba kutafuta jibu. Lilikuwepo, kwa maandishi madogo: malipo yakikatika kwa muda uliotajwa, kampuni inaweza kuiharibu sampuli au kuitumia kwa utafiti. Kilikuwepo pia kifungu cha kampuni kuuzwa au kufilisika. Kifungu hicho si cha kupuuza. Mwaka 2019 Cryo-Save, kampuni ya Uswisi iliyokuwa na wateja katika nchi nyingi za Ulaya, ilifilisika, na wazazi wakaja kujua kwamba damu za watoto wao zimehamishiwa Poland. Unalipia miaka 25. Jiulizeni ni kampuni ngapi mnazozijua zilizodumu hivyo.

Kisha kuna suala la zile dakika za mwanzo. Mimi hili ndilo lililonimaliza kabisa, hata kama yale mengine yote yangekuwa sawa.

Mtoto akitoka, kondo la nyuma huendelea kumsukumia damu kupitia kitovu kwa muda. Ukisubiri bila kubana kitovu, ndani ya dakika tatu hivi huongezewa mililita 80 hadi 100. Mtoto wa kilo tatu, damu yake yote mwilini haifiki mililita 300. Hesabuni wenyewe ni sehemu kubwa kiasi gani. Damu hiyo inakuja na chuma cha kumlinda dhidi ya upungufu wa damu miezi yake ya mwanzo, na kwa mtoto njiti faida ni kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kisibanwe kabla ya dakika moja kupita, na miongozo ya wakunga wa hapa inasema vivyo hivyo ikiwa mtoto ni mzima.

Damu inayohifadhiwa benki ndiyo hiyo hiyo. Hakuna nyingine. Kinachoingia kwenye mfuko ni kile ambacho hakikuingia kwa mtoto. Ukisubiri sawasawa, mfuko unapata kidogo, pengine pungufu ya kinachohitajika. Ukibana upesi ili mfuko ujae, umemkata mtoto. Wakala niliyezungumza naye kwa simu alisema vyote viwili vinawezekana, na ni kweli kwamba baada ya dakika moja bado huweza kupatikana kiasi fulani. Nilimuuliza: mfuko ukitoka na seli chache, mtanipigia mniambie, mnirudishie fedha, au mtahifadhi tu? Alinipa maneno mengi. Nilikata simu nikiwa nimeshaamua.

Wenzangu wanaojifungulia Tanga, Kigoma, Kakamega au Goma hawaletewi vipeperushi hivi mara nyingi, ila suala la kusubiri kabla ya kubana kitovu linawahusu wote, na halina gharama hata senti moja. Huko malaria na minyoo humaliza damu ya watoto, zile mililita zina thamani kuliko hata huku. Mwambieni mkunga mapema, kliniki, kabla ya uchungu kuanza. Mkiwa leba hakuna nafasi ya mazungumzo marefu.

Mtu ataniuliza, basi kwa nini hukuitoa bure kwenye benki ya umma? Nilitaka. Uingereza ina benki ya umma ya damu ya kitovu tangu mwaka 1996, na damu zetu watu weusi zinahitajika sana humo. Rejesta ya Marekani inaonyesha kwamba mgonjwa mweupe ana uwezekano wa asilimia 79 wa kupata mtoaji anayelingana naye kikamilifu. Mgonjwa mweusi, asilimia 29. Sababu mbili zinaandamana: waliojiandikisha kutoka kwetu ni wachache, na vinasaba vya watu wenye asili ya Afrika vina aina nyingi kuliko vya watu wa bara lolote lingine, hivyo mtu anayelingana nawe ni mgumu kumpata. Damu ya kitovu husamehe kidogo, inaweza kushika hata isipolingana kwa kila alama, na ndiyo maana imewaokoa wengi ambao hawakupata mtu wa kuwatolea uloto. Ila wakati huo ukusanyaji ulifanyika kwenye hospitali chache tu, na yangu haikuwa mojawapo. Nilichoweza ni kujiandikisha mimi mwenyewe na mume wangu kwenye shirika la DKMS kama watoaji wa seli shina. Wanakutumia vijiti vya pamba kwa posta, unapangusa ndani ya mashavu, unavirudisha. Kama una umri wa kati ya miaka 18 na 55 na afya njema, unaishi hapa, na wewe ni wa kwetu, nakuomba kwa dhati ufanye hivyo. Kuna mtu amelala hospitali anasubiri alama za tishu ambazo pengine unazo wewe.

Mwanetu alizaliwa alfajiri, mvulana. Mkunga alikuwa amesoma mpango wangu wa uzazi, akamlaza kifuani kwangu na kitovu chake, akakishika kwa vidole viwili akisikiliza mapigo yake. Tukasubiri mpaka kikatulia, kikawa cheupe na laini. Mume wangu akakikata.

Sasa yule mama niliyesema ningemwambia ahifadhi. Ni wewe ambaye tayari una mtoto mwenye selimundu, thalasemia, saratani ya damu, au ugonjwa mwingine unaotibiwa kwa seli shina, na sasa una ujauzito mwingine wa baba huyo huyo. Uwezekano wa mtoto huyu mpya kuwa hana selimundu, wakati huo huo akalingana na kaka au dada yake, ni 3 kati ya 16 ikiwa wazazi wote wawili ni AS. Karibu asilimia 19. Hiyo ni nafasi ya kweli kwa mtoto unayemjua kwa jina. Na hapa Uingereza huhitaji kampuni wala pauni 2,300. Daktari bingwa wa damu anayemtibu mtoto wako anaweza kuomba damu ya kitovu ikusanywe na huduma ya taifa na kuhifadhiwa kwa ajili ya mgonjwa huyo, bila malipo. Inahitaji barua yake, vipimo vyako vya damu, na mpango na hospitali utakayojifungulia, na mambo haya huchukua wiki nyingi. Usisubiri hadi mimba ifike miezi minane. Kwenye miadi ijayo ya mtoto wako, kabla hujakaa kwenye kiti, mwambie daktari kwamba una mimba.